Filamu imeniliza, albamu yake imenipa usingizi

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, nimekuja na dukuduku langu, mnivumilie maana ni refu.

Juzi nimeangalia filamu ya mapenzi. Kuna sehemu mwanamke anampangia mwanamume nguo kwenye begi, na wote wawili wanajua kwamba huyu akitoka harudi. Anakunja shati, analiweka, analitoa, analikunja upya. Hakuna anayesema neno. Kwa chini kabisa inasikika piano: noti nne zinazojirudia, na ile ya tatu inachelewa kidogo kila inapofika, kama mtu aliyesita mlangoni. Dakika moja na nusu hivi, basi. Mimi ni mtu mzima na nililia kama niliyefiwa.

Majina ya mwisho hayajamaliza kupanda, tayari nimeshainunua albamu mtandaoni. Orodha ya nyimbo sikuisoma. Hapo ndipo nilipojiponza.

Nyimbo ni 14. Wa kwanza ni wa mwimbaji anayetamba sasa hivi. Kwenye filamu unatoka kwenye redio ya teksi, sekunde kumi, mlango unafungwa na wimbo unakatika. Wa sita ni remiksi ya huo wa kwanza, yaani wimbo wa sekunde kumi umepewa na mdogo wake! Nikarudia filamu nzima kalamu mkononi: nyimbo nne hazimo kabisa, si mwanzo, si mwisho, si kwenye redio ya mtu yeyote. Wa 13 ndio unaofunga filamu, huo sina neno nao, mzuri. Wa 14 ndio pekee wenye jina la mtunzi wa muziki wa filamu yenyewe. Fidla nyingi, unaanza kwa kishindo, dakika nne na ushee. Piano yangu hakuna.

Nikarudi kusoma jalada. Limeandikwa kwamba huu ni muziki "kutoka kwenye filamu na uliochochewa na filamu". Hilo neno "uliochochewa" limebebeshwa mzigo wa punda.

Sasa naomba wanaojua mambo haya waniambie: nani anayekaa na kuamua kwamba kilichomliza mtazamaji kibaki nje, na remiksi iingie? Ni uzembe, ni biashara, au mimi ndiye sielewi albamu ya filamu ni kitu gani?

#2

Taja jina la filamu mkuu, vinginevyo tunapiga ramli.

#3 – Mwanzisha uzi

Sitaji. Hiyo sehemu ya begi iko karibu na mwisho, nikitaja nitakuwa nimewaharibia ambao hawajaiona. Pia nikitaja, mashabiki wa yule mwimbaji watahamia humu na uzi utakufa.

#4

Mzee umeuliza swali la maana, ngoja nikujibu kadiri ninavyoijua kazi. Nimekaa studio miaka kadhaa nikichanganya sauti.

Kila wimbo una haki mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodia, na kuna haki ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa siku ile studio. Mwenye filamu akitaka wimbo uliokwisha kutoka, anaomba ruhusa zote mbili, na ruhusa hiyo ni ya kuuweka kwenye picha. Kuuza wimbo huohuo ndani ya albamu ni ombi lingine na malipo mengine. Msanii yuko kampuni A, albamu inatolewa na kampuni B, na A hana sababu ya kumpa B wimbo wake mkubwa auuze. Kwa hiyo filamu inakuwa na wimbo na albamu haina, na hapo hakuna aliyelala kazini.

Mfano upo wazi. Pretty Woman ya 1990, albamu yake ina nyimbo 11. Yule dada anaimba "Kiss" ya Prince akiwa kwenye beseni la kuogea, ndiyo sehemu watu wanaikumbuka mpaka kesho. Kwenye albamu haimo. Wanakwenda kuangalia opera ya Verdi, machozi yanamtoka. Haimo. Muziki wa James Newton Howard, aliyetunga ule wa nyuma ya maongezi, haumo. Na bado iliuza vibaya sana, kwa maana nzuri ya neno.

Upande wa piano yako sababu inaweza kuwa nyingine. Muziki wa okestra unaorekodiwa Marekani chini ya chama cha wanamuziki, American Federation of Musicians, wapigaji wamelipwa kwa ajili ya filamu. Rekodi ileile ikihamishwa kwenda albamu, wanalipwa tena. Okestra ya watu 80, piga hesabu. Ndiyo maana miaka ya 80 na 90 albamu nyingi za muziki wa nyuma zilikuwa na dakika 30 tu wakati sidii inabeba 74. Wanunuzi walikuwa wanadhani wameibiwa, kumbe prodyuza alikuwa amefika mwisho wa mfuko.

#5

Naunga mkono hoja ya #4 ila kuna jambo kalipitia mbali. Piano ya mtu mmoja haina watu 80 wa kulipwa. Hiyo ya mwanzisha uzi iliachwa kwa sababu haikuonekana kuwa na thamani. Aliyepanga albamu hakulia.

#6

Mwanzisha uzi, pole, lakini si wa kwanza wewe. Ngoja nikupe kisa kinachofanana na chako karibu neno kwa neno.

Titanic. Albamu ya kwanza ilitoka Novemba 1997, muziki wa James Horner, na iliuzwa duniani kote kwa mamilioni. Kila nyumba yenye redio ya sidii ilikuwa nayo. Sasa kumbuka ile sehemu Jack anamchora Rose. Pale kuna piano peke yake, na anayepiga ni Horner mwenyewe. Watu wakanunua albamu wakaitafuta ile piano. Hakuna. Wakatafuta ile ngoma ya Kiairishi ya abiria wa daraja la tatu, pale wanapozunguka mpaka viatu vinaruka. Hakuna. Wakatafuta wale wapiga fidla waliobaki sitaha wakipiga meli ikizama. Hakuna.

Agosti 1998 ikatoka ya pili, Back to Titanic. Humo ndimo vyote vitatu vilimokuwa. Piano ya mchoro ikapewa jina "The Portrait". Mimi nilinunua zote mbili. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na furaha, vyote siku moja.

#7

Dirty Dancing vilevile. Ya kwanza 1987, ikakaa namba moja Marekani wiki 18. Pale chumbani kwa Johnny usiku, msichana anapomwambia acheze naye, unaopigwa ni "Cry to Me" wa Solomon Burke. Hiyo ndiyo filamu yenyewe, kilichobaki ni miguu tu. Kwenye albamu ya kwanza haumo, ulikuja kwenye More Dirty Dancing mwaka uliofuata.

#8

Kwa hiyo wakuu mnasema ushauri ni kusubiri ya pili?

#9

Ya pili inatoka kama ya kwanza imeuza. Kama ya kwanza haikuuza, piano imezikwa hukohuko kwenye faili la studio.

#10

Naomba nipinge, na msinishambulie.

Mnaongea kana kwamba albamu ni deni ambalo mtazamaji anaidai filamu. Albamu ni albamu. The Bodyguard ya 1992: nyimbo sita za mwanzo zote ni za Whitney Houston, zimepangwa mfululizo bila aibu, halafu wanafuata wengine. Muziki wa Alan Silvestri, aliyetunga ule wa nyuma, umepewa kipande kimoja. Hata ile sehemu wanayocheza baa na wimbo "I Will Always Love You" ukasikika kwa sauti ya mwanamume, ikiimbwa kwa mtindo wa kantri na John Doe, kwenye albamu haimo. Nani alilalamika? Ilipewa Grammy ya albamu bora ya mwaka. Watu walitaka Whitney, wakapewa Whitney.

Sasa wewe unataka noti nne za piano kwa dakika moja na nusu. Zikiwekwa namba 7, katikati ya nyimbo, nakuhakikishia mara ya tatu utaziruka. Muziki wa nyuma umetungwa usisikilizwe. Ukiusikiliza peke yake ni kama kula sahani bila chakula.

#11 – Mwanzisha uzi

Mkuu #10, sahani umenipiga nayo vizuri, nimekubali kucheka.

Lakini mfano wako unanisaidia mimi. The Bodyguard ni hadithi ya mwimbaji. Nyimbo zake ndizo filamu. Kama albamu imejaa nyimbo zake, imebeba kilichokuwa kwenye picha. Filamu yangu mimi ni ya watu wawili wasiosema. Karibu yote ni kimya, mvua, vyombo vya jikoni na piano kidogo. Halafu albamu yake inapiga kelele kuanzia mlangoni. Silalamiki kwamba haina vitu vyote. Kinachoniuma ni kwamba haifanani tabia na mama yake.

Na msidhani napenda muziki wa okestra kuliko nyimbo. Angalieni The Graduate ya 1967. Watu walitoka ukumbini wanaimba "Mrs. Robinson", wakanunua albamu mwaka 1968, wakakuta vipande viwili vifupi vya huo wimbo, kwa sababu filamu ilipotengenezwa Paul Simon alikuwa hajaumaliza kuutunga. Nafasi iliyobaki ikajazwa na muziki wa sherehe wa Dave Grusin, ule wa kunywea vinywaji. Wimbo kamili ukaja kwenye albamu nyingine ya Simon na Garfunkel, Bookends, mwaka huohuo. Hapo kilichokosekana ni wimbo, na muziki wa nyuma ndio uliojaa. Kwa hiyo ugonjwa unakwenda pande zote mbili.

#12

Jamani mimi swali langu liko pembeni kidogo. Ninayo filamu moja ya zamani ya mapenzi kwenye DVD, nimeiangalia labda mara ishirini. Nikapata albamu yake. Kila wimbo unasikika mzito, wa polepole, kama mwimbaji ana mafua. Rekodi ni ileile, nimehakikisha. Au masikio yangu?

#13

Dada, masikio yako ni mazima kabisa, DVD yako ndiyo inayokimbia.

Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa televisheni wa PAL unaonyesha picha 25 kwa sekunde. Kuhamisha filamu kwenda PAL, njia iliyotumika sana ilikuwa kuikimbiza tu: filamu ya dakika 120 inaisha kwa dakika 115. Sauti nayo inakimbia, na isiporekebishwa inapanda juu kwa asilimia 4, karibu nusu toni. Umeisikia mara ishirini ikiwa juu, sikio limeizoea. Albamu ndiyo iko sahihi. Wewe umempenda mwimbaji aliyekuwa na haraka.

#14

Miaka yote hii! Nimecheka, halafu nimesikitika. Kwa kweli naupenda ule wa haraka zaidi, mnisamehe.

#15

Naona wote mmeegemea Hollywood. Sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi tuna kilio cha upande wa pili, niwasimulie.

Kule nyimbo hutoka kabla ya filamu. Mpaka siku ya kwenda kuiangalia, nyimbo unazo kichwani, unachosubiri ni kuona wamezivalia nguo gani. Kwa hiyo albamu haikosi wimbo, hilo kwao si tatizo. Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995, nyimbo za Jatin-Lalit, maneno ya Anand Bakshi, nyimbo zote ninazijua mpaka pumzi za Lata Mangeshkar kati ya mstari na mstari. Lakini ule muziki unaopita chini watu wanapotazamana tu bila kuimba, ambao mara nyingi ni kiitikio kilekile kimepunguzwa mwendo na kubaki chombo kimoja, huo kwenye kaseti haukuwekwa. Na ndio unaokuandama usiku. Nilikuwa naweka redio mbele ya televisheni nanasa kwenye kaseti, huku nikiwaziba midomo wadogo zangu. Ninazo kaseti zina sauti ya mama akiniita.

Kwa hiyo mwanzisha uzi nakuelewa. Nyimbo walizitunga kwa ajili ya watu wote. Kile kipande kidogo unahisi ni chako.

#16

#15 umenena, dada yangu. Mimi nilikuwa na ya kwangu inabweka mbwa.

#17 – (yule wa #4)

Nimerudi. Nimefikiria hoja ya #10 kuhusu sahani na nataka kuijibu kwa upande wa kazi, kwa sababu ana ukweli nusu.

Anayetunga muziki wa kupita chini ya maongezi anaacha mashimo kwa makusudi. Sauti ya mtu inapoongea ina mahali pake, si juu sana wala chini sana, na mtunzi mwerevu anapaacha wazi. Anaweka besi chini, anaweka fidla nyembamba juu, katikati anapaachia waigizaji. Ukiutoa muziki huo kwenye filamu, pale katikati panabaki tundu, ndiyo maana unasikika mtupu. Tena urefu wake unafuata mkasi wa mhariri. Picha ikikatwa, muziki unaishia hapohapo, hata kama melodia ilikuwa bado inavuta pumzi. Vipande vingi havifiki hata dakika mbili.

Kwa sababu hiyo watunzi wakitengeneza albamu hawabandiki tu vipande kama vilivyo. Wanaviunganisha, wanavirefusha, wakati mwingine wanarekodi upya. Wazo dogo la piano linaweza kupewa fidla na kuingizwa ndani ya kitu kikubwa, ukapishana nalo bila kulisalimia.

Hapo sasa nakupa kazi mbili mwanzisha uzi. Kwanza, rudia majina ya mwisho ya filamu, usimamishe picha, soma orodha ya muziki mstari kwa mstari. Kama piano ile ni wimbo wa mtu mwingine ulioombewa ruhusa, itatajwa pale na jina lake, na utaipata kwenye albamu ya mwenyewe. Kama haitajwi, ni ya mtunzi wa filamu. Pili, huo wimbo wa 14 uliousema unaanza kwa kishindo, umeusikiliza mpaka mwisho? Kwa hedifoni, si kwa spika ya simu?

#18 – Mwanzisha uzi

Mkuu, nitasema kweli. Wimbo wa 14 niliuacha kwenye dakika ya kwanza. Nilikuwa nimekasirika.

#19

Hahaha. Kumbe kesi imefunguliwa bila shahidi kusikilizwa.

#20

Sasa #17 umemvua nguo mwenzio hadharani.

#21 – Mwanzisha uzi

Haya, nimerudi na ripoti. Samahani nimechelewa, nilisubiri nyumba itulie.

Majina ya mwisho: nimesimamisha, nimesoma. Nyimbo kumi zimetajwa, piano haimo. Kwa hiyo ni ya mtunzi mwenyewe, kama #17 alivyosema.

Halafu nikavaa hedifoni nikauweka wimbo wa 14. Kishindo kile cha mwanzo nikakivumilia, bado sikipendi, kinafaa kufungulia taarifa ya habari. Dakika ya pili fidla zinaanza kushuka. Mimi nimeshakata tamaa, niko tayari kuja hapa kuwaambia nilikuwa sahihi. Kwenye dakika ya 3 kasoro sekunde chache, chini kabisa, chini ya kila kitu, nikasikia noti nne. Piano haipo, ni sauti nzito ya cello, ile fidla kubwa, polepole mno, mwendo wake nusu ya ule wa filamu. Mwanzoni sikuzitambua. Nilizitambua kwa sababu ile ya tatu ilichelewa.

Nikarudisha. Nikarudisha tena. Imo, mara sita, na mara ya mwisho ile ya nne haiji kabisa, fidla zinaifunika na wimbo unaisha.

Kwa hiyo kuhusu mtunzi, maneno yangu nayafuta. Alikuwa na dakika nne tu za kupumulia kwenye albamu nzima na alizificha humo. Kuhusu aliyepanga remiksi, simfutii kitu.

Ila #10, ngoja nikupe haki yako pia, maana usiku ule nilijaribu jambo jingine. Niliweka ile sehemu ya begi kwenye filamu nikafumba macho, nisikilize bila picha. Piano ni ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Inaingia imechelewa, inaondoka mapema. Kinachosikika zaidi ni kitambaa kinachokunjwa, na pumzi ya yule mwanamke, na pale mwisho zipu ya begi inavutwa taratibu, inakwama, inavutwa tena. Mimi nilikuwa nimeiweka zipu ile ndani ya muziki bila kujua. Hata wangenipa piano yenyewe safi kutoka studio, ningeusubiri ule mkwamo wa zipu usingekuja.

#22 – (yule wa #10)

Nimekusoma. Sahani naiondoa mezani.

#23 – (yule wa #15)

Fanya nilivyofanya mimi. Nasa ile sehemu yote na zipu yake, weka kwenye simu, usimwambie mtu.

#24 – Mwanzisha uzi

Dada, tayari ninayo tangu jana. Kuna na kikohozi changu katikati.

#25 – (yule wa #2)

Sawa. Sasa taja jina la filamu.